Thomas Wawili, Watumwa Wenye Akili za Ajabu

Karibu kila mtaa una mtu ambaye habari zake husemwa kwa kucheka na kwa kushangaa pamoja. Akitumwa kununua chumvi hudanganywa, wala hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Lakini akisikia wimbo mara moja tu, ameushika wote. Au mwingine: umtajie tarehe uliyozaliwa, naye hapo hapo akuambia ilikuwa siku gani ya juma. Watu husema, «Amenyimwa huku, amepewa kule», na wakiisha kusema hivyo huenda zao.

Waganga wenye elimu ya ubongo wametafuta maelezo makubwa kuliko hayo, yapata miaka 150 sasa. Maneno yao tutayataja. Lakini kwanza twataka kuwasimulia habari za watu wawili, wote wawili weusi, wote wawili watumwa katika nchi ya Marekani, na wote wawili waliitwa Thomas. Wa kwanza alijua hesabu, wa pili alijua muziki. Tumewachagua wao kwa sababu katika habari zao limo swali ambalo waganga peke yao hawawezi kulijibu: akili ya mtu ikikaa imefichwa, ni nani aliyeificha?

Thomas Fuller alizaliwa Afrika ya Magharibi karibu na mwaka 1710, katika pwani iliyo kati ya nchi zinazoitwa leo Liberia na Benin. Mwaka 1724, akiwa kijana wa miaka 14 hivi, akavushwa bahari na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa Virginia, ambayo wakati ule ilikuwa koloni la Waingereza. Hakurudi tena. Alilima shamba karibu na mji wa Alexandria mpaka akawa mzee wa mvi, na bibi mwenye shamba hilo aliitwa Elizabeth Cox. Hakujua kusoma wala kuandika.

Lakini alijua kuhesabu. Yeye mwenyewe alieleza jinsi alivyoanza: alihesabu mpaka 10, kisha mpaka 100, akajiona ni mtu hodari. Baadaye akashika mkia wa ng'ombe akahesabu singa zake moja moja, akapata 2,872. Kisha akachukua kipimo kizima cha ngano akakihesabu punje kwa punje, na kipimo cha mbegu za kitani vilevile. Wengine wangesema ni mchezo wa mtu asiye na kazi. Kumbe mtumwa hakukosa kazi. Alikosa kalamu, alikosa ubao, alikosa mwalimu. Mkia wa ng'ombe ndio uliokuwa kitabu chake. Tena ujuzi ule ulifaa shambani: aliweza kusema vibao vingapi vitatosha kuezeka nyumba, miti mingapi itatosha kuzungusha ua wa shamba, na mbegu ngapi zitatosha kupanda.

Sifa zake zikaenea. Mabwana wawili wa Philadelphia, William Hartshorne na Samuel Coates, wakamwita ili wamjaribu. Thomas alikuwa na miaka 70 hivi. Wakamwuliza: mwaka mmoja na nusu una sekunde ngapi? Baada ya dakika 2 hivi akajibu: 47,304,000. Wakamwuliza tena: mtu aliyeishi miaka 70, siku 17 na saa 12 ameishi sekunde ngapi? Baada ya dakika moja na nusu akajibu: 2,210,500,800.

Bwana mmoja alikuwa akifanya hesabu hiyo kwenye karatasi. Akamwambia Thomas amekosa, jumla si kubwa hivyo. Thomas akamjibu mara moja ya kwamba bwana amesahau miaka mirefu, ile yenye siku 366. Bwana akarudia karatasi yake, akaongeza sekunde za miaka ile, na jumla ikawa sawasawa na ile ya mzee. Msomaji anayependa hesabu ajaribu mwenyewe: katika miaka 70 imo miaka mirefu 17, na siku 17 zina sekunde 1,468,800. Hizo ndizo alizosahau mwenye karatasi, na asiye na karatasi hakuzisahau.

Swali la tatu lilikuwa la nguruwe. Mkulima ana nguruwe jike 6. Kila mmoja azaa majike 6 kwa mwaka, na watoto nao wazaa vivyo hivyo. Baada ya miaka 8 atakuwa na majike wangapi? Hapo Thomas alikawia dakika 10, maana mwanzoni hakuelewa vizuri walivyouliza. Kisha akasema: 34,588,806. Ndivyo ilivyo. Kila mwaka hesabu ya mwaka uliotangulia huzidishwa kwa 7, yaani mama na watoto wake 6: majike 6 huwa 42, kisha 294, kisha 2,058, na kuendelea mpaka mwaka wa 8. Mzee alibeba tarakimu zote hizo kichwani, huku mabwana wakimtazama.

Mmojawapo akamwonea huruma, akasema ni hasara kwamba mtu kama huyu hakupata masomo. Thomas akamjibu kwa adabu ya kwamba ni afadhali hakusoma, kwa maana wako watu wengi waliosoma nao ni wajinga kabisa. Tungependa kuona uso wa yule bwana!

Habari hizi ziliandikwa mwaka 1788 na Benjamin Rush, mganga maarufu wa Philadelphia, mmoja wa waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani mwaka 1776. Rush alikuwa katika chama cha watu waliotaka utumwa ukomeshwe, na tena alikuwa na sababu ya kuandika. Mwaka uliotangulia kitabu cha Thomas Jefferson (Thomas mwingine huyo, aliyekuwa rais baadaye) kilikuwa kimechapwa London. Humo Jefferson alisema adhani watu weusi wako chini ya weupe kwa akili, na kwamba ni shida kumpata hata mmoja awezaye kufuata mafundisho ya hesabu za Euclid. Basi adui za utumwa walipoona majibu ya Mzee Thomas waliyashika kama mtu ashikavyo ushahidi mbele ya baraza. Brissot, Mfaransa aliyesafiri Marekani, aliandika habari zake; na mwaka 1808 Padri Henri Grégoire, aliyekuwa askofu wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, alimtia katika kitabu chake juu ya akili na maandishi ya watu weusi.

Ushahidi ulikuwa mzuri. Lakini shahidi mwenyewe? Alibaki mtumwa. Watu kadha wa kadha walikuja kwa Bibi Cox na fedha nyingi, wakitaka kumnunua kwa ajili ya ajabu yake. Bibi akakataa, na mzee alimshukuru sana kwa hilo. Fikirini, ndugu wasomaji, shukrani ya namna hiyo. Hakushukuru kwa kupewa uhuru, maana hakupewa. Alishukuru kwa sababu hakuuzwa mara ya pili. Alikufa mwaka 1790, mwenye miaka 80. Gazeti moja la Boston lilimsifu, likisema kama angalipata masomo kama wengine, hata Newton asingeona haya kumwita ndugu katika elimu. Gazeti lilelile liliandika pia kwamba alikuwa mali ya Bibi Cox.

Sasa tumtazame Thomas wa pili.

Huyu alizaliwa mwaka 1849 katika jimbo la Georgia, kipofu tangu kuzaliwa. Baba yake aliitwa Domingo Wiggins, mama yake Charity. Mwaka 1850, Tom akiwa bado mtoto mchanga, jamaa hiyo iliuzwa kwa James Bethune, mwanasheria na mwandishi wa gazeti katika mji wa Columbus. Kwa kuwa kipofu hakufaa kazi ya shamba, walimwacha azunguke nyumbani kwa bwana. Mtoto alisema maneno machache sana, lakini alifuata kila sauti: jogoo, mvua, gari la moshi. Nyumbani mle kilikuwamo kinanda cha piano, na binti za Bethune walikipiga. Tom akasikiliza. Hata siku moja wakamkuta mtoto mdogo yule ameketi mbele ya kinanda, anapiga nyimbo za mabinti.

Bwana alitambua mara moja thamani ya kitu hicho. Mwaka 1857, Tom mwenye miaka 8, alitolewa mbele ya watu. Baadaye Bethune alimkodisha kwa mfanya biashara, kama mtu akodishavyo farasi, naye akamzungusha mji kwa mji. Mwaka 1860 alipiga kinanda Washington mbele ya Rais James Buchanan. Watu walimwita Tom Kipofu. Aliweza kupiga wimbo mmoja kwa mkono wa kuume, wimbo mwingine kwa mkono wa kushoto, na huku akiimba wa tatu. Mtu ye yote akiinuka katika watazamaji na kupiga muziki ambao Tom hajausikia bado, Tom aliketi na kuurudisha. Akiisha, alijipigia makofi mwenyewe kwa furaha pamoja na watu. Tena hakusema «mimi», alisema «Tom».

Wengine walidhani ni kasuku tu, arudishaye asiyoyaelewa. Si kweli. Alitunga muziki wake mwenyewe, na wimbo wake uliojulikana kuliko zote ni ule wa vita vya Manassas vya mwaka 1861, ambamo mizinga na filimbi za gari la moshi zasikika katika kinanda. Jambo la kusikitisha ni kwamba wimbo huo ulipigwa ili kuwashangilia watu wa kusini, nao ndio waliopigana ili utumwa udumu. Mtumwa kipofu alichuma fedha kwa ajili ya jeshi lililotaka abaki mtumwa.

Vita vikaisha mwaka 1865, watumwa wakawa huru. Je, Tom? Bethune alikuwa amewafanya wazazi watie mkono katika mapatano ya kumwachia mtoto. Mfanya biashara mmoja mweusi, Tabbs Gross, akampeleka Bethune barazani ili kumpata Tom, akashindwa. Mwaka 1866 Bethune akamchukua Tom mpaka Uingereza, na huko wanamuziki wakubwa, Ignaz Moscheles na Charles Hallé, walimjaribu wakamsifu. Mwaka 1870 mwana wa Bethune, jina lake John, akaenda mbele ya waamuzi wakamwandika Tom kuwa ni mwenda wazimu, na John kuwa msimamizi wake. Angalieni vizuri hapo. Jioni, katika nyumba ya muziki, waliwaambia watu: njoni, lipeni, mtazame akili isiyo na mfano duniani. Asubuhi, mbele ya mwamuzi, walisema: huyu hana akili, asishike fedha zake mwenyewe.

John alikufa mwaka 1884, akikanyagwa na gari la moshi. Hapo Eliza, aliyekuwa mke wake, akamtafuta mzee Charity, akamchukua hadi New York, wakadai pamoja kwamba mama apate mwanawe. Mwaka 1887 waamuzi wakamtoa Tom kwa jamaa ya Bethune. Lakini waliyempa si mama, walimpa Eliza. Charity akarudi Georgia pasipo mtoto. Tom aliendelea kupiga kinanda kwa ajili ya Eliza, akafa kule Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York, mwaka 1908, mwenye miaka 59. Watu wamekuwa wakimwita mtumwa wa mwisho wa Marekani, nasi hatuoni jina lingine.

Haya, waganga wasemaje? Mwaka 1866 Édouard Séguin, Mfaransa aliyehamia Marekani kufundisha watoto wenye upungufu wa akili, alimtaja Tom katika kitabu chake. Mwaka 1887, mwaka uleule wa hukumu ya Charity, mganga Mwingereza John Langdon Down aliwaeleza waganga wenzake wa London habari za watoto aliowaona katika kazi yake: mmoja alikariri kitabu kikubwa cha historia ya Roma, wengine walichora, wengine walizidisha tarakimu nyingi kichwani. Akawapa jina la Kifaransa, «idiot savant», yaani mjinga mwenye elimu. Jina hilo ni baya, nalo limeachwa. Siku hizi watu wenye hali hiyo huitwa savanti tu.

Yale yaliyochunguzwa tangu hapo ni mengi, tutapita upesi. Mwaka 1978 Mmarekani Bernard Rimland aliandika habari za watoto 5,400 wenye otizimu, ile hali inayomfanya mtoto ajifungie katika ulimwengu wake na kushindwa kuzungumza na wenzake kama kawaida. Wazazi wa watoto 531 walisema mtoto wao ana ujuzi wa namna hii, karibu 1 katika kila 10. Ujuzi wenyewe huwa karibu daima wa aina chache: muziki, kuchora au kuchonga, hesabu, na tarehe za kalenda. Nyuma yake pana kumbukumbu kubwa. Mwaka 1998 mganga Bruce Miller wa California alieleza habari za wazee ambao ugonjwa ulikuwa ukila sehemu ya mbele na ya upande wa ubongo wao. Walipozidi kupoteza maneno, walianza kuchora vizuri kuliko walivyochora maisha yao yote. Na mwaka 2003 huko Sydney, Allan Snyder alituliza kidogo upande wa kushoto wa ubongo wa wanaume 11 kwa nguvu ya sumaku. 4 kati yao wakabadilika namna ya kuchora. Watu 11 ni wachache mno, hatuwezi kujenga nyumba juu yao. Hata hivyo wataalamu wengine wanafikiri ya kwamba sehemu moja ya ubongo huweza kuinyamazisha nyingine, na ile inayonyamaza ikilegea, nyingine hupata nafasi ya kusema.

Neno moja tuliondoe njiani. Wengi husema mtu hutumia sehemu 1 tu kati ya 10 za ubongo wake, na 9 zimelala. Huo ni uwongo. Vyombo vya kupiga picha za ubongo vyaonyesha sehemu zote zikifanya kazi, nyingine zaidi, nyingine kidogo, kwa kadiri ya shughuli.

Tena si kila mwenye kipaji hicho aliangukia mikononi mwa watu kama Bethune. Kim Peek alizaliwa Salt Lake City, Marekani, mwaka 1951, na katika ubongo wake haukuwamo ule mshipa mnene unaounganisha upande wa kuume na wa kushoto. Waganga waliwashauri wazazi wamtie katika nyumba ya wasiojiweza, wamsahau. Wakakataa. Kim alishika kichwani maelfu ya vitabu, lakini alipokuwa mtu mzima baba yake alikuwa bado akimvalisha. Mwandishi wa sinema Barry Morrow alikutana naye mwaka 1984, na hapo ikatoka sinema ya mwaka 1988 iliyojulikana duniani pote. Baba alizunguka pamoja na mwanawe miji mingi, watu wakimwuliza tarehe na njia na wafalme, mpaka Kim alipokufa mwaka 2009. Kim na Tom walikuwa na ujuzi wa ajabu wote wawili. Tofauti ilikuwa katika mikono iliyowashika.

Na Mzee Thomas Fuller? Wataalamu wengi wa savanti humtia katika orodha yao, hata kumweka mbele kabisa, wakisema mtu huyu hakuweza jambo lo lote zaidi ya kuhesabu. Sisi twaona vigumu kukubali. Aliyejibu juu ya wasomi wajinga alikuwa mtu mwenye kupima maneno. Mwaka 1990, miaka 200 baada ya kifo chake, wanahistoria wawili wa hesabu, John Fauvel wa Uingereza na Paulus Gerdes wa Maputo katika Msumbiji, waliandika pamoja juu yake wakiuliza swali jipya: alipofika Virginia na miaka 14, alikuja na nini kichwani?

Maana pwani ile alikotoka haikuwa pwani ya wasiojua hesabu. Fedha yake ilikuwa simbi, zile kauri zilizojulikana hata katika sehemu za Kongo. Kule Ouidah simbi 40 zilikuwa kamba moja, kamba 5 zikawa 200, na mara 20 ya hizo zikawa 4,000. Mtoto wa sokoni alihesabu maelfu kabla ya kubalehe. Kwa Wayoruba, majirani wa pwani ile, neno la 45 ni hesabu nzima: chukua 20 mara tatu, toa 10, toa 5 tena. Na Thomas Clarkson, Mwingereza adui wa utumwa (tena Thomas, jina hili halitaki kutuacha), aliandika mwaka uleule 1788 ya kwamba wafanya biashara Waafrika walifanya hesabu ngumu kichwani upesi, wakati Wazungu bado wakihangaika na kalamu. Hesabu hizo zilikuwa za bidhaa za Ulaya zilizotolewa kuwanunua watu. Huenda Thomas kijana alihesabiwa katika mojawapo.

Mabwana wa Philadelphia walimwuliza juu ya sekunde, wakamwuliza juu ya nguruwe. Katika yote aliyoyaandika Rush halimo hata neno moja la lugha ya mama yake Thomas, wala namba moja kwa lugha hiyo, wala jina aliloitwa kwao kabla ya kuitwa Thomas.